S-Log3 kwenye Sony a7 IV: juani naitumia, ukumbini naizima

Mimi napiga video za harusi Dar es Salaam, na kamera naipima kwa picha moja tu: bibi harusi kwenye shela jeupe, bwana harusi kwenye suti nyeusi, wote weusi tii, wamesimama ufukweni saa nane mchana jua likiwaka. Kwa profaili ya kawaida, yaani mpangilio wa rangi na mwanga wa kamera, lazima mmoja aonewe. Ukiokoa ngozi, shela linaungua na nakshi zake zote zinapotea. Ukiokoa shela, sura za watu zinageuka kivuli. Kwa picha hiyo, S-Log3, profaili ya Sony ya aina inayoitwa logi, imenilipa hela yangu. Kwa mengine ya harusi, tutaelewana mbele.

Inachofanya ni kuubana mwanga wote uenee ndani ya faili. Kijivu cha kati kinakaa kwenye asilimia 41 ya kipimo cha mwangaza wa video na karatasi nyeupe kwenye 61, kwa hiyo juu yake panabaki nafasi kubwa ya shela, mawingu na maji yanayometa. Matokeo yake picha inatoka imepauka kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi. Washa Gamma Display Assist, inayorudisha rangi za kawaida kwenye kioo cha kamera tu, la sivyo mama wa bibi harusi atachungulia kioo na kukuuliza, "Mwanangu, ndiyo picha tuliyolipia hii?" Utajieleza mpaka keki ikatwe.

a7 IV inarekodi biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi. Kamera za biti 8 zina ngazi 256 tu, na ukizivuta baada ya kubanwa na logi, anga la buluu linatoka michirizi. Mwenye kamera ya biti 8, ushauri wangu ni kuachana na logi kabisa na kupiga profaili ya kawaida kwa uangalifu.

Ambacho wauzaji hawakisemi ni filta. S-Log3 kwenye kamera hii ISO yake ya msingi, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ni 800. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, jua kali linataka lenzi ifungwe f/64 (namba ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo), na lenzi nyingi zinaishia f/16 au f/22. Filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya kuzungusha inayokata stopu 2 hadi 5 (kila stopu ni nusu ya mwanga) inakufikisha f/11 tu, na hapo mandhari yote ya nyuma inaonekana kali, hadi muuza madafu anahesabika. Mimi natumia ND64, inayokata stopu 6, halafu naongeza mwanga kwa makusudi stopu moja na nusu hivi juu ya kipimo cha kamera. Hapo naangukia kati ya f/4 na f/5.6, napata usuli laini na ngozi safi. Usione hofu kuongeza mwanga: ngozi nyeusi iliyopigwa gizani kwenye logi ikija kuinuliwa inajaa chenga. Zebra, mistari ya kuonya palipozidi mwanga, naiweka 94, na mistari ikigusa shela tu ndipo narudi nyuma. Ila filta za bei ya mchekea zinatia ukijani kwenye ngozi, na ukijani huo ukishaingia ni kazi kuutoa.

Kuhariri nahariri kwa DaVinci Resolve. Nilinunua toleo la Studio, dola 295 mara moja tu, maana kwenye Windows mafaili ya biti 10 ya 4:2:2, yanayotunza rangi zaidi, ndiyo yanayolitaka. Naweka Color Space Transform, kifaa cha kubadilisha mfumo wa rangi, kwenye nodi (hatua ya kuhariri rangi) ya mwisho: kinachoingia ni S-Gamut3.Cine na S-Log3, kinachotoka ni Rec.709, rangi za kawaida za video. Nodi inayoitangulia ndiyo napunguza ule mwanga nilioongeza. Mpangilio huo ni muhimu, kwani ukipunguza baada ya kubadilisha, shela limeshabanwa na ni vigumu kulirudisha vizuri. Kompyuta ikianza kukwama, natengeneza proksi, nakala nyepesi za video, na kwenda kula.

LUT, mafaili ya kubadilisha rangi yaliyotayarishwa, za kununua mtandaoni sizipendekezi. Pakiti niliyowahi kulipia iligeuza ngozi ya maji ya kunde kuwa chungwa, na ngozi nyeusi kuwa majivu. Nina hakika aliyeitengeneza hakuwa na sura kama zetu mbele yake. LUT ya s709, ambayo Sony wanaitoa bure, inatosha kuanzia.

Diski nayo inaliwa. Kwa megabiti 140 kwa sekunde, saa moja ya video ni kama GB 63, na harusi zetu mnajua zinavyokwenda: MC akishika kipaza sauti, hesabu diski mbili.

Usiku ukumbini naizima. Huko mwanga ni hafifu na taa za LED zinabadilika rangi kila wimbo. Tofauti ya giza na mwanga siyo tatizo tena, tatizo ni chenga. Nahamia S-Cinetone, profaili nyingine ya Sony isiyo ya logi, PP11 (profaili ya picha namba 11) kwenye menyu, ambayo ngozi inatoka nzuri bila kuhangaika, na kipande cha kuingia maharusi kinaweza kwenda WhatsApp ya familia usiku huohuo. Kanisani au msikitini mchana, penye madirisha makubwa na ndani giza, narudi PP8 yenye S-Log3. Kubadilisha ni vibonyezo viwili, ila kumbuka kuhamisha na ISO, maana S-Cinetone haikulazimishi kuanzia 800.