Fundi wa pancha wa Outering: nyota moja, ama mbili, sijui

Nimekaa na hii hasira muda mrefu wacha niitoe. Ni mwezi jana ama ule mwingine, mvua ilikuwa imeanza kuchokoza, natoka Ruai na kreti kumi na mbili za mayai nikipeleka Pipeline kwa wale watu wa mayai boilo na chipsi. Hio ndio kazi yangu. Na pikipiki ni yangu, nimeilipia mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho, mtaona kwa nini naisema mapema.

Nimeingia Outering, ile barabara kubwa ya Nairobi, vizuri, nikapita Mutindwa, nikaskia nyuma imeanza kuyumba. Mtu wa kubeba mayai hio kitu anaiskia kwa makalio kabla ajue ni nini. Nikashuka, tairi ya nyuma imelala kama chapati. Mbele kidogo kuna tairi imepakwa rangi nyeupe imening'inizwa kwa mti, PANCHA, na kompresa inanguruma, nikasema asante Mungu. Kibanda chenyewe hakina jina kwa hivyo msiniulize, na hata kingekuwa nalo singeliandika.

Nikasukuma mpaka pale, jasho, helmeti kichwani, reflekta kifuani. Kijana amekalia mkebe wa rangi anakula mahindi choma. Ananiangalia juu mpaka chini alafu, "Mathe, mwenye pikipiki ako wapi?"

Kwanza mathe. Huyo kijana na mimi kama ni miaka tunapishana labda sita. Pili, kwani nimeiokota? Nikamwambia mwenye pikipiki ndio huyu. Akacheka, akageukia wanaboda wawili walikuwa pale kwa kivuli wakingoja wateja, nao wakacheka, mmoja akasema "leo utalipwa na mayai". Nikanyamaza juu nilikuwa na haraka na pancha ni pancha, hauendi mahali.

Akaniambia nishushe mzigo. Nikashusha kreti moja moja peke yangu, kumi na mbili, hakuna aliyeinuka, nikazipanga pale kwa vumbi. Alafu akakanyaga tairi na mguu, akaangalia, akasema "hii tairi imeisha, hata nikiziba ni bure, nunua ingine, nikuitie mtu akuletee?" Hapo nikajua nimefika kwa wezi. Ukionekana mwanamke wanaanza kukuuzia, leo tairi, kesho chaini, keshokutwa injini. Nikamwambia ziba tu.

Sasa hapa ndipo nataka mtu anielewe, juu nilikuwa nimesimama hapo hapo na niliona kila kitu. Gurudumu hakulitoa. Alilegeza tairi upande mmoja na bisibisi, bisibisi ya kufungulia redio, si ile leva ya ncha butu, akaingiza mkono akavuta tyubu kwa ubavu kama mtu anatoa matumbo ya mbuzi. Akapiga upepo, akaichovya kwa beseni la maji meusi, mapovu yakatoka, akachora na kalamu, akakwaruza na msasa, solushoni, akapuliza, kiraka, akagonga na nyundo. Dakika kumi. Hio yote sina shida nayo, ni hivyo hufanywa. Lakini tairi yenyewe je? Kitu chenye kilidunga tyubu kiko wapi? Nikamuuliza, kijana, si uangalie ndani kama kuna msumari? Akaniambia, na mahindi yako mdomoni, "Mathe, kwani ni mimi fundi ama ni wewe?"

Wale wa kivuli wakapiga makofi.

Akarudisha tyubu, akasukuma tairi na ile bisibisi yake tena, kwa nguvu, nikaskia kitu kama mpira umekunjwa vibaya, nikakunja uso lakini nikasema labda ni mimi naskia vibaya. Presha hakupima, alibinya na kidole gumba. Mia moja. Nikamtumia na M-Pesa, nikapandisha mayai peke yangu tena, na kreti ya chini ilikuwa imekaa kwa jiwe, mayai saba yamepasuka, ute umeingia kwa kreti yote. Saba! Hio ni faida yangu ya kreti nzima imekwisha na hata asubuhi haijaisha.

Mnajua nilifika wapi? Taj. Nilikuwa nimepita Donholm nashukuru Mungu nimebakisha kidogo tu, nyuma ikaanza tena. Ile ile. Nilisimama pale kando ya barabara matatu zinanipigia honi nikataka kulia, si ya pancha, ya ile "kwani ni mimi fundi". Nyota sifuri kama ingekuwepo. Watu husema hawa mafundi ndio humwaga misumari barabarani usiku ili asubuhi wapate kazi, mimi siku zote nilikuwa napinga, hio siku niliamini yote.

Nikasukuma mpaka nikapata mzee fulani karibu na pale watu wanaingilia Pipeline, ana kibanda cha mabati na kiti cha plastiki, na kiti akanipa mimi. Akaniambia "kaa mama, pole na barabara". Hata sikuwa nimesema kitu. Akaita kijana wake wakashusha mayai wote wawili wakayaweka juu ya benchi. Karibu nimwage machozi mara ya pili.

Mzee yeye alitoa gurudumu lote. Akavua tairi, akachukua soksi ya nailoni, zile za zamani za kina mama wa ofisi, akaivaa mkononi kama glavu akaanza kuipitisha ndani ya tairi polepole, anazunguka, anazunguka, mpaka soksi ikashikwa. Hapo akainama na koleo, akavuta waya. Si msumari. Waya mwembamba kama sindano, mfupi kama punje ya mchele, kwa nje hauonekani hata ukiambiwa uko hapa. Akaniambia hizo zinatoka kwa tairi za magari, zikichomwa barabarani mpira unaisha unabaki waya, mvua inausambaza, na sisi tunaupitia juu mwezi mzima. Ndio huo ulikuwa umedunga tena, kando tu ya kiraka cha yule kijana.

Alafu akapiga tyubu upepo akanionyesha kitu kingine. Matundu mawili madogo, yamepasuka sambamba, yametazamana kama macho ya nyoka. "Hii si barabara imefanya," akasema, "hii ni bisibisi. Tyubu ilibanwa kati ya chuma na rimu." Nilijua! Ile sauti niliyoskia! Nilisimama kwa kiti nikataka kurudi Mutindwa hivyo hivyo kwa miguu.

Lakini sasa, na hapa ndipo hukumu yangu inaharibika. Mzee akabonyeza kile kiraka akajaribu kukibandua na ukucha, hakitoki. Akasema hii kazi ni safi, huyu kijana anajua kubandika. Alafu akageuza tairi yangu juu chini, akanionyesha katikati, meno hakuna, ni laini kama kichwa cha mtoto, na kwa ubavu nyuzi zimeanza kuchungulia. "Hakukwambia ununue ingine?"

Nikanyamaza.

Alikuwa ameniambia. Ndio kitu cha kwanza alisema baada ya kumaliza kunichekea, na mimi nikamwita mwizi kwa roho juu ya venye aliniita mathe. Tairi imeisha, waya unapita kama kisu kwa siagi, hata angetafuta huo mmoja akautoa ungeingia mwingine hapo mbele kwa Fedha. Kwa hivyo labda nimemwonea. Labda ni nyota mbili.

Hapana, ngoja. Kama ulijua tairi imeisha, si ndio ulifaa kuangalia ndani hata zaidi? Na bisibisi je? Tairi mbovu ndio ilikufundisha kuchokora tyubu ya mtu na bisibisi? Na mayai saba? Na kucheka? Mzee aliniambia tairi imeisha, kijana aliniambia tairi imeisha, maneno ni yale yale, lakini mmoja alinionyesha nyuzi na mwingine alinionyesha meno yenye mahindi. Nyota moja. Nimerudi kwa moja.

Mzee nilimlipa zaidi ya alichotaja na nikamwachia mayai matano. Tyubu mpya aliniwekea akaipulizia upepo kidogo kabla aiingize, anasema ikiwa na upepo kidogo haikunjiki wala haibanwi, na tairi akaikalisha na leva mbili za chuma zimelainishwa ncha mpaka zinang'aa. Presha akapima na geji. Akaniambia hio tairi inifikishe tu kwa wateja na nyumbani, nisiende nayo mbali. Siku ya pili nikapanda matatu nikaenda Kirinyaga Road, kule wengine bado wanaita Grogan, nikanunua tairi nikamrudishia aifunge. Tangu hio siku sijapata pancha, na naandika hii nikigonga mbao.

Ile tyubu ya zamani mzee hakutupa. Aliikata blada nne, zile kamba za mpira za kufungia mzigo, mbili akabaki nazo, mbili akanipa nifungie kreti. Moja iko na kiraka cha yule kijana katikati, bado kimeshika, na yale macho mawili ya bisibisi karibu na ncha. Ni blada poa sana, inavutika na haikatiki.

Juzi nimepita Mutindwa foleni ikasimama karibu kabisa na ule mti wake. Akaniona, sidhani alinikumbuka. Akapaza sauti, "Mathe, blada poa hio, umetoa wapi?" Nikamwambia ni kazi ya mikono yake. Akacheka tu, hakuelewa, foleni ikasonga.