TAHADHARI: "Betri mpya" ya Framework, nimepigwa laki tatu na nusu

Wadau mnaotumia Framework Laptop 13 (laptop ambayo mwenyewe unaweza kuifungua na kubadilisha vipuri) hapa Dar, kuna jamaa anauza vipuri vya mashine hizi mtandaoni na anajiita wakala. Framework wenyewe hawatumi mzigo Tanzania. Nilikuwa najua, na bado nikalipa. Jina la akaunti siliandiki kwa sababu ameshalibadilisha tangu nimlalamikie. Mtambueni kwa mtindo wake.

Mashine yangu ni ya 2021, betri yake ya 55Wh (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) imechoka. Akasema anayo ya 61Wh, haijaguswa, na picha akatuma, inang'aa. Nusu nikatuma M-Pesa, nusu nikamalizia getini huku boda akinihimiza kwamba ana haraka.

Kilichonishtua ni skrubu. Betri hizi zinakuja na skrubu zake zimeshikiliwa humo humo, hazidondoki. Kwenye hii vichwa vilikuwa vimelika, mtu alizilazimisha kwa bisibisi isiyo T5, ile ndogo ya ncha ya nyota. Nikakwangua lebo ya 61Wh kwa ukucha, ikabanduka kama stika ya daftari. Chini yake: 55Wh. Nikaifunga hivyo hivyo, nikaendesha powercfg /batteryreport, amri ya Windows inayotoa ripoti ya hali ya betri. Uwezo wa kiwandani elfu 55 mWh (yaani 55Wh), uwezo wa sasa elfu 31. Imechakaa kuliko niliyoitoa!

Nikampigia. "Bosi, ichaji mara tatu itafunguka." Halafu akanibloku.

Anajua tumebanwa. Mawakala wa kargo ya ndege wanaikataa betri ikiwa peke yake, na si ukorofi wao: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zikiwa peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kupakiwa kama kargo kwenye ndege za abiria. Ila abiria mwenyewe anaruhusiwa kuibeba kwenye begi la mkononi (si la kukabidhi), mradi isizidi 100Wh na ncha zake zimekingwa. Kwa hiyo kama una ndugu anarudi kutoka Uingereza au Ujerumani, mwagize yeye. Mimi nasubiri shemeji.

Ukilazimika kununua hapa, muuzaji akurekodie video betri ikiwa ndani ya mashine inayowaka, ripoti ya powercfg ikisomeka na jina lako limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Na boda asubiri, hata akinuna.

RB nimeshachukua, muamala ninao. Kama na wewe alikuuzia kioo au mazabodi, nitafute tuunganishe malalamiko.