Gereji iliyoniambia nikamwite mume wangu

Naandika hasira bado ziko kooni, mnisamehe. Gari yangu ni Escudo ya miaka ya tisini, ya gia za mkono, na kwa muda mrefu haikuwa na neno. Vuli ilipoanza ikazuka na tabia moja: mchana kutwa inakwenda, usiku ikilala, betri inalala nayo. Asubuhi nafungua swichi, taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kilichokwisha mafuta, stata inasema tik, basi. Vijana wa mtaani kwetu Fuoni walishanizoea. Wakiniona natoka na mkoba wa skuli wanakuja kusukuma bila ya kuitwa.

Nikaipeleka gereji moja njia ya Mwanakwerekwe, nilisifiwa sana. Mwenyewe hata boneti hakufungua. "Betri hiyo, mama." Nikanunua betri mpya, shilingi 160,000, kwake yeye huyohuyo. Siku ya tatu gari imekufa vilevile.

Niliporudi ndipo akatoa mita. Akaiunga baina ya betri na waya wake wa hasi, gari imezimwa, ufunguo ninao mkononi. Ikasoma ampea moja na ushei, yaani miliampea elfu na zaidi. Gari iliyozimwa ikatulia haitakiwi kuvuka miliampea 50 hivi, kile kidogo cha kushikilia saa na redio. Akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya moja, mpaka boksi likabaki mapengo. Mita haikutikisika. Mie nafundisha hesabu, jambo lile nililiona palepale: kinachonyonya moto hakipiti kwenye zile fyuzi. Nikamuuliza kwa adabu, "Fundi, kuna waya gani unaotoka kwenye betri bila ya kupita hapo?"

Akanitazama. Akafuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha mbele ya watu wote: "Mama, umeme wa gari si mambo ya jikoni. Kamwite mumeo nizungumze naye."

Yakhe! Balbu ya chumbani kwetu naibadilisha mie, huyo mume ananishikia kiti!

Ningeondoka na gari yangu saa ileile, lakini ningeondoka nayo vipi na haiwaki? Nikaiacha. Kesho yake nakuta dashibodi yote imefumuliwa, waya ziko nje kama matumbo ya kuku. Ati shoti imo humu ndani. Siku mbili wanaitafuta, shoti hawakuiona. Dashibodi ikarudishwa, na kwenye kopo zikabaki skurubu nne. Nimezihesabu kwa macho yangu. Nikadaiwa 80,000, ya "kutafuta".

Nisimdhulumu mtu, lakini. Pale pana kijana anajifunza kazi, na ndiye aliyenisukumia gari mpaka barabarani. Akaninong'oneza dirishani: "Mwalimu, kuna mzee Jang'ombe, fundi waya. Nenda kwake."

Mzee naye alinizungusha. Kesho inshallah, kesho inshallah, mara tatu, na simu hapokei. Nilikwishamkatia tamaa. Halafu jioni moja akapiga mwenyewe: gari isiwashwe, isifunguliwe hata mlango, mpaka afike. Akaja alfajiri, katoka msikitini moja kwa moja, kanzu mwilini. Boneti ilikuwa imelowa umande. Akakunja mkono wa kanzu, akapitisha kiganja juu ya injini, huku, kule, akakituliza kwenye alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Kimya.

"Lete mkono wako, bibi."

Nikashika. Injini yote baridi kama jiwe la kisimani, lakini alteneta ina uvuguvugu, mfano wa chupa ya maziwa ya mtoto. Chuma kilicholala nje usiku kucha! Nywele zilinisimama.

Akanieleza bila ya haraka, na wala hakumuulizia mume wangu. Ndani ya alteneta mna dayodi, kazi yao kupitisha umeme upande mmoja tu, uende kwenye betri usirudi. "Kama dema, samaki aingie asitoke. Sasa dema lako limetoboka." Na ule waya wake mnene unakwenda kwenye betri moja kwa moja, zile fyuzi ndogo haukutani nazo. Yaani swali langu la siku ile, lile la jikoni, ndilo lililokuwa jawabu! Injini ikiwaka bado ilikuwa inachaji, volti 13 na kidogo badala ya 14, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Akabadilisha sahani ya dayodi, 40,000 pamoja na kazi. Skuli zilifungwa, gari ikakaa siku nne haikuguswa. Ya tano ikawaka kwa stata moja. Vijana wa mtaani wakanipigia makofi, mmoja akauliza watakula wapi sasa.

Mzee nampa nyota tano. Basi nne, kwa zile kesho zake.

Gereji niliipa sifuri. Nikakumbuka betri yao ni nzima mpaka leo, na yule kijana, nikasema haya, mbili. Lakini leo narudi skuli, nimetumbukia kwenye shimo hapo Fuoni, dashibodi ikalia kee-kee-kee mpaka nyumbani, zile skurubu nne. Moja. Nayo ni ya kijana.