Nimesoma historia na nadharia ya muziki chuoni, na darasa la hamoni bado linanichemsha damu

Mtanivumilia, hasira haijaisha. Kozi inahusu nini, masomo ni mangapi, hayo yako kwenye kijitabu cha chuo chochote. Mimi nataka kueleza jinsi kipindi kimoja kinavyoweza kumfanya mtu aliyeupenda muziki tangu utotoni atamani kufunga daftari.

Siku hiyo, kwenye hamoni, yaani somo la kupanga nota zinazosikika pamoja, tulikuwa tunarudishiwa mazoezi ya kuandika sauti nne, kuanzia soprano juu hadi besi chini. Karatasi za darasa karibu zima zilikuwa na miduara ya wino mwekundu, na pembeni neno moja tu: "kwinti". Kwinti ni umbali wa kutoka do hadi sol. Kanuni inasema sauti mbili zikiwa zimeachana kwa umbali huo, zisihame pamoja kwenda kwenye kwinti nyingine. Kanuni tulikuwa tumeinakili. Sababu yake hakuna aliyewahi kuitaja. Nikanyoosha mkono: mwalimu, kwa nini inakatazwa?

Akanitazama, kisha akasema mbele ya wote: "Umekuja kusoma au umekuja kuhoji? Ukitaka sababu, nenda kasome falsafa." Wenzangu wakacheka. Akageukia ubao.

Na sababu ipo, tena ni nyepesi! Nota mbili zenye kwinti zinatetema kwa uwiano wa 3 kwa 2. Ukiacha oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, ambayo ni 2 kwa 1, hakuna uwiano mwepesi kuliko huo, ndiyo maana sikio linazipokea karibu kama kitu kimoja. Sasa soprano na besi zikipanda bega kwa bega katika kwinti, msikilizaji hasikii tena watu wawili, kila mmoja na njia yake. Anasikia sauti moja iliyonenepa. Umeandika sauti nne, zimebaki tatu. Maelezo hayo yangechukua dakika mbili, na darasa zima lingeikumbuka kanuni hiyo maisha yote.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba majuma hayohayo, kwenye kipindi cha historia, tulikuwa tunasoma organum, uimbaji wa kale wa kanisani wa zaidi ya sauti moja. Musica enchiriadis, maandishi ya karne ya 9, yanafundisha namna ya kuuongezea wimbo wa kanisa sauti ya pili inayoufuata hatua kwa hatua, kwa kwarti (do hadi fa) au kwa kwinti. Yaani kosa la chumba kimoja ndilo lililokuwa somo la chumba cha pili! Mbele zaidi tukamfikia mtunzi Mfaransa Debussy na kipande chake cha piano, La cathédrale engloutie ya 1910, ambamo kordi nzima, yaani mafungu ya nota zinazopigwa pamoja, zinatembea sambamba kwa makusudi, kwa sababu alitaka unene uleule ambao wengine waliukwepa. Ukiyaweka haya pamoja, kanuni inaeleweka: haikushuka kutoka mbinguni, ni chaguo la watu waliotaka kila sauti isikike peke yake. Lakini hakuna aliyetuwekea pamoja. Historia na nadharia zilifundishwa kama ndugu waliogombana.

Halafu nikasoma habari za Fux, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Austria, na hapo nikashindwa kabisa kuvumilia. Gradus ad Parnassum, kitabu chake cha 1725 kilichofundisha kauntapointi (ufundi wa kuunganisha sauti zinazojitegemea) kwa vizazi vingi, kimeandikwa kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Josephus, mwanafunzi, anauliza; Aloysius, mwalimu, anajibu. Akiuliza tena, anajibiwa tena. Mtunzi mashuhuri Haydn alijifunza mwenyewe kwa kitabu hicho. Hizo kanuni ambazo mhadhiri wetu alizilinda kwa dharau zilifika kwetu kupitia kitabu kilichojaa maswali ya mwanafunzi! Josephus hakuchekwa na mtu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: msiende, jifunzeni nyumbani. Sasa nasita, maana yule wa historia alikuwa mwalimu kwelikweli. Alikuwa anapiga rekodi bila kutaja jina wala karne, anatuuliza: mnasikia sauti ngapi? Nani anaongoza? Nani amesimama palepale wakati wengine wanasogea? Tulibishana naye, na alifurahi tukibishana. Kwa sababu yake, siku hizi nikisikiliza kwaya naifuata tenor kutoka mwanzo hadi mwisho, ile sauti ya katikati ambayo zamani sikujua hata kama ipo. Furaha hiyo sikuipata popote pengine, na kitabu peke yake kisingenipa.

Kwa hiyo nendeni. Ila kabla ya kujiandikisha, mtafuteni anayefundisha hamoni mumwulize swali langu la kwinti. Akikujibu vizuri, au hata akikwambia "ngoja nikuonyeshe kwenye piano", kaa hapo. Akikukemea, tafuta kundi lingine mapema, kabla orodha hazijafungwa.

Kozi naipa nne kati ya tano. Lakini nikikumbuka kwamba baada ya kicheko kile hakuna mtu aliyenyoosha tena mkono kwenye darasa la hamoni hadi mwisho wa muhula, wakiwemo wale waliokuwa na maswali mazuri kuliko langu, naona nne ni nyingi mno. Andikeni tatu.