Uzoefu wangu na bima ya afya ya watumishi wa umma: mama yangu, dawa zake na malipo ya dirishani

Mimi ni mwalimu wa shule ya umma, na nimekuwa kwenye bima ya afya ya watumishi tangu nilipoajiriwa. Mchango hukatwa kabla mshahara haujanifikia, mwajiri anaweka kiasi kama hicho upande wake, na kadi inatuhudumia mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi. Leo naipa alama za juu. Kuna kipindi nisingeipa hata nusu, na nataka kueleza kilichobadilika, kwa sababu mifuko mingi ya bima ya watumishi hufika pale pale ilipofika wetu: fedha inatoka kwa kasi kuliko inavyoingia, na lazima pawepo mtu wa kupunguziwa kitu.

Mama ana kisukari na presha. Dawa zake ni za kawaida kabisa: metformini kwa ajili ya sukari, amlodipini kwa ajili ya presha, pamoja na vipimo vya kliniki. Ni vitu vya bei nafuu ukivilinganisha na upasuaji au kulazwa, ila havina likizo. Kwa miaka mingi alikuwa akionyesha kadi, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Kisha mfuko ukatangaza utaratibu wa kuchangia: kwa kila cheti cha dawa mwanachama alipe sehemu ya bei dirishani, iwe dawa ya mafua ya siku tatu au ya ugonjwa wa maisha. Tukaambiwa lengo ni kuzuia matumizi holela. Hoja hiyo ina msingi, wala siibezi. Wapo wanaochukua dawa na kuzirundika kabatini mpaka muda wake unapita, na fedha inayopotea hapo ni ya wanachama wote.

Ila aliyeanza kupunguza hakuwa mwenye kikohozi. Alikuwa mama. Akawa anameza leo, kesho anaruka, na hakumwambia mtu. Siku nilipomsindikiza kliniki, nesi akahesabu vidonge vilivyobaki na kumuuliza kwa upole. Mama akanigeukia mimi: "Mwanangu, nyinyi mna ada za watoto. Nikaona nizivute zifike mwisho wa mwezi." Presha ilikuwa imepita 140 kwa 90 kwa mbali, na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu kilikuwa kimetoa majibu mabaya. Haukupita muda akalazwa. Bima ikalipia kitanda, vipimo, dripu na daktari bingwa, na nilipoletewa taarifa ya matumizi nikaona kwamba fedha ile ingemtosha vidonge vya miaka. Kile ambacho mfuko uliokoa kwa mama yangu dirishani, uliishia kukilipa mara nyingi wodini, na yeye ndiye aliyebeba maumivu.

Baada ya hapo nikawa nasoma kila ninachokipata kuhusu jambo hili. Taasisi ya RAND ya Marekani iliwahi kufanya jaribio kubwa lililoanza miaka ya 1970 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980: familia zaidi ya 2,000 ziligawiwa kwa kura, nyingine zikapewa matibabu bure, nyingine zikatakiwa kuchangia kwa viwango tofauti. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini hawakupunguza zile zisizo za lazima peke yake. Walipunguza pamoja na zile walizozihitaji kweli. Kwa watu wengi afya haikutofautiana sana, na hilo nalo lazima lisemwe. Tofauti ilijitokeza kwa watu wa kipato cha chini wenye presha: waliotibiwa bure, presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Nilikuwa nimesoma habari za mama yangu.

Mfuko wetu, na ndiyo maana naandika haya, ulisikiliza. Wawakilishi wa chama cha walimu walipeleka malalamiko ya wanachama mbele ya bodi, na utaratibu ukarekebishwa. Siku hizi mwenye kisukari, presha, pumu au kifafa anasajiliwa kwa fomu ya daktari inayohuishwa kila mwaka. Akishasajiliwa, dawa zake za kudumu hazichangiwi chochote, na anaweza kuchukua za miezi mitatu kwa mkupuo. Uchangiaji umebaki kwa dawa nyingine, na kwa anayetaka dawa yenye jina kubwa ilhali ipo ya jeneriki, yaani dawa ileile inayotengenezwa na viwanda vingine kwa bei nafuu.

Hapo kwenye jeneriki ndipo fedha ilipopatikana, na ndipo wengi walipokuwa na wasiwasi, hata nyumbani kwangu. Mama alipobadilishiwa rangi ya kidonge alikataa kukimeza. Mfamasia alikaa naye na kumfafanulia, kisha akaniambia na mimi: "Mwalimu, kiini cha dawa ni kilekile na kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni kiwanda na jina la kwenye boksi." Ndivyo ilivyo. Hataza, yaani haki ya kampuni iliyobuni dawa kuitengeneza peke yake, ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza, lakini lazima vithibitishe kwamba inafanya kazi mwilini sawasawa na ya kwanza. Bei hushuka kwa sababu hawabebi tena gharama ya utafiti wa awali na kwa sababu wanashindana. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na imekuwa ikihuishwa tangu wakati huo. Mfuko ukijenga orodha yake juu ya msingi kama huo na kununua kwa pamoja, unapunguza gharama bila mgonjwa kuruka hata siku moja. Huo ndio upunguzaji ninaoukubali kwa moyo wote. Sukari ya mama imetulia, na presha yake daktari anairidhia.

Jambo jingine ninalolipenda ni taarifa ya matumizi. Kila huduma ikidaiwa, ninapata ujumbe kwenye simu: kituo gani, huduma gani, kiasi gani. Wenzangu wengi wanaufuta bila kuusoma, na mimi nawasihi wausome. Kuna hospitali iliyodai kipimo cha picha ambacho mke wangu hakupigwa. Nikatuma malalamiko pamoja na nakala ya karatasi aliyopewa siku ile. Mfuko ukafuatilia na dai likaondolewa. Mfuko unapolipa kwa kila huduma iliyofanyika, kituo kinapata zaidi kikifanya mengi, au kikiandika mengi. Makao makuu hawawezi kujua kama mke wangu aliingia chumba cha picha. Yeye anajua.

Kuhusu malipo, mfuko umeanza pia kuvilipa vituo vya ngazi ya chini kiasi kimoja kwa kila mwanachama aliyejiandikisha, aumwe asiumwe. Ninauona mpango huu kwa macho mawili. Uzuri wake ni kwamba kituo chetu kimeanza kumpigia mama simu kabla tarehe ya kliniki haijapita, kwa kuwa mgonjwa aliyetulia hakigharimu sana. Hatari yake iko wazi pia: kituo kisicho na uadilifu kinaweza kumnyima mtu kipimo ili kibakiwe na fedha. Ningependa mfuko uwe unatangaza, kwa kila kituo, ni wagonjwa wangapi wa presha na kisukari walio kwenye viwango salama. Takwimu hizo tayari wanazo kwenye madai na kwenye mafaili ya kliniki.

Kasoro zipo. Kibali cha vipimo vikubwa bado kinachelewa, hasa ombi likitumwa Ijumaa jioni. Mtoto mchanga ana muda mfupi wa kusajiliwa, na cheti cha kuzaliwa kisipotoka mapema, afisa utumishi hana la kukusaidia. Mjamzito na mumewe waulize utaratibu huo kabla ya kujifungua. Meno na miwani vina kikomo kidogo cha mwaka, na kinaisha haraka. Kadi kukataliwa na mashine kunakera, ila namba ya uanachama huwa inatosha.

Kinachonipa mawazo zaidi ni kustaafu. Sheria ya kwanza ya taifa zima ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, ile ya Ujerumani ya mwaka 1883, ilimtaka mfanyakazi alipe theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja. Tangu hapo mgawanyo umebadilika nchi hadi nchi, lakini mpango mzima bado umefungwa kwenye mshahara. Mshahara ukikoma, nusu ya mwajiri inakwenda wapi? Kwetu mstaafu anaruhusiwa kubaki iwapo atalipa mchango wote mwenyewe, kutoka kwenye pensheni, katika umri ambao vidonge vinaongezeka. Walimu wenzangu kadhaa waliostaafu wameshindwa na wamejitoa, na baadhi yao wana presha kama ya mama. Tumependekeza kwamba sehemu ndogo ya mchango wa kila mtumishi itengwe tangu mwaka wake wa kwanza kazini, iwekezwe, na itumike kulipia nusu hiyo atakapostaafu. Bodi imeomba hesabu za wataalamu kabla ya kujibu. Ninaomba kila mwanachama aliye mbali na kustaafu aunge mkono pendekezo hili sasa, wakati makato yake bado yatakuwa madogo.