Kigoda cha pauni tatu: matembezi ya majumba ya tamthilia, Southwark

Nyota moja. Hasira hizi ninazo tangu kiangazi kile, nikidhani zitapoa. Hazijapoa, basi naandika.

Nilimlipia mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, matembezi ya kuongozwa kusini mwa mto Thames, London, kuonyeshwa palipokuwa na majumba ya tamthilia ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mama alisoma shuleni Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, na hadi leo ukimuudhi anakurushia maneno ya Antoni. Nilijua zawadi hii itamwingia. Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Sasa sikilizeni. Mama ana miaka sitini na kitu, na magoti yake hayapatani na kusimama. Msaidizi wa mwongozaji alikuwa na vigoda vya kukunja, vinne au vitano, kavitundika begani. Tulipofika mtaa ilipokuwa Rose, jumba alilojenga Philip Henslowe mwaka 1587, mama akavuta kimoja, akakaa. Mwongozaji alikatiza maelezo katikati, akaja akamwinamia kama mwalimu aliyemkuta mtoto na pipi darasani: "Hicho ni cha kulipia. Pauni tatu." Mbele ya watu wote! Mama hakumwelewa, akamtabasamia. Yule bwana akashika mguu wa kigoda, na mama bado amekikalia.

Jamani.

Mama akainuka taratibu, akajipangusa gauni. Toka hapo sikusikia vizuri kitu kwa dakika kadhaa. Nadhani alisema misingi ya Rose ilifukuliwa mwaka 1989 na sasa iko chini ya jengo la ofisi, na kwamba walikuta humo maganda ya kokwa za hazel. Ingekuwa siku nyingine ningefurahi.

Kilichonimaliza ni kwamba bwana huyohuyo, muda si mrefu, akaanza kusimulia viingilio vya wakati ule, tena kwa mbwembwe. Peni moja mlangoni, unasimama uani, jua lako, mvua yako. Unataka kukaa kwenye roshani chini ya paa? Mlango wa pili, peni nyingine. Unataka na mto wa kukalia? Mlango wa tatu, peni ya tatu. Aliyeyaandika hayo ni Thomas Platter, Mswisi aliyefika London mwaka 1599. Watu wakacheka. Nikamtafsiria mama.

"Kumbe mzunguko na VIP," akasema. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: hela zote hizo zilikuwa za nani? Nikalipeleka kwa mwongozaji. Akanijibu kwamba maswali ni mwisho. Mwisho ukafika, akatazama saa, akasema muda umekwisha.

Nikalitafuta jibu mwenyewe usiku ule. Mwenye jumba alikuwa mmoja, wenye mchezo wengine. Waigizaji wenye hisa walichukua kiingilio cha uani na nusu ya roshani. Nusu nyingine ya roshani ilikwenda kwa mwenye jumba. Henslowe aliandika mapato yake kwenye daftari, na daftari lipo mpaka leo. Humo humo utakuta madeni, maana aliwakopesha waigizaji na waandishi wa michezo. Mama akasema huyo anamfahamu, ni mwenye nyumba wetu wa zamani pale Ngamiani.

Lakini nisiwe mwongo. Kisa cha ndugu wawili wa familia ya Burbage bwana yule alikisimulia vizuri kuliko nilivyotaka. Baba yao alijenga jumba Shoreditch mwaka 1576 kwenye ardhi ya kupanga. Mkataba ukaisha, mwenye ardhi, Giles Allen, akawazungusha. Siku za Krismasi mwaka 1598 wakaja na seremala, wakabomoa jumba, na zile mbao ndizo zikajenga jumba la tamthilia la Globe huku Southwark. Ardhi yako, mbao zetu! Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Na hapo hapo, wakati mimi natunga malalamiko kichwani, mama alikuwa ameshamfuata yule msaidizi. Kiingereza chake cha sokoni kilitosha. Kutoka pauni tatu wakashuka hadi moja, akakaa mbele kabisa, mkoba mapajani, mwongozaji akalazimika kumzunguka kila alipotaka kupita.

Kwenye basi nikamwomba msamaha. Akashangaa: kwa lipi? Anataka twende tena, safari hii na kigoda chetu wenyewe.

Haya, nyota tatu basi. Ila yule bwana hajamwomba mama radhi mpaka leo, kwa hiyo mbili.