Mwanasesere wa "sampuli" niliyemnunua: kazi ya mikono safi, maelezo si ya kweli

Nimekaa naye mezani wiki mbili kabla ya kuandika haya, maana sikutaka kuandika nikiwa na hasira.

Muuzaji, ambaye simtaji jina, alimtangaza kuwa G.I. Joe, yule askari mdogo wa plastiki wa kuchezea, tena wa sampuli, aliyetengenezwa kiwandani mwaka 1983 na asiingie sokoni. Ushahidi ulikuwa picha moja tu: mhuri wa 1983 nyuma ya kiuno. Nikaamini, nikalipa bei ya sampuli.

Mzigo ulifika umefungwa vizuri sana, hapo nampa haki yake. Na aliyemuunda, yeyote yule, ana mkono. Mkanda wa risasi kaufinyanga kwa gundi ya udongo, risasi moja moja, na kila moja ina kichwa chake. Macho yamenyooka, jambo gumu kwenye uso usiozidi ukucha wa kidole kidogo.

Shida ilianza nilipomgeuza shingo. Kichwa kikainama, kikatazama juu, kikalala begani. Wanasesere hawa walipewa shingo ya gololi mwaka 1985. Kabla ya hapo kichwa kiligeuka kushoto na kulia, basi. Gololi nayo haikai bila kifua chenye tundu lake, kwa hiyo hata kifua si cha 1983. Nikashika mikono: inakunjika kiwikoni lakini haizunguki juu yake. Hiyo ni mikono ya 1982, kwani ya kuzunguka ilianza mwaka uliofuata. Miaka mitatu tofauti ndani ya mwili mmoja!

Nikachukua bisibisi. Ana skrubu moja mgongoni. Ukiifungua, kifua kinaachana nusu mbili, na ndani unaona kipete cha mpira mweusi kilichoshika miguu na kiuno kwa ndoano ya chuma. Ndiyo maana hawa huchanganywa kirahisi hivi. Hata kiwanda kiliwachanganya: wale wa kwanza wa 1982 waligawana vipande ili kupunguza gharama. Kwa hiyo kuona kiungo cha huyu kwa yule hakutoshi kukata shauri. Tazama kama vipande hivyo viliwahi kuwa sokoni pamoja, kisha tazama rangi. Chini ya kwapa la huyu wangu, pale mkono unaposuguana na kifua, rangi nyeusi imechubuka na kijani kimetokeza. Mkono ulikuwa wa askari mwingine, ukapakwa.

Mhuri wenyewe, ndugu zangu, unasema kidogo kuliko tunavyodhani. Ni mwaka wa kalibu ya kipande kile ulichochapwa. Wapo wa 1982 waliotolewa tena 1983 wakiwa na mikono ya kuzunguka, na mhuri wao bado ni wa 1982.

Sasa thamani yake. Kama sampuli, hana. Kama vipande, nimevipima kimoja kimoja. Miguu na kiuno havijapakwa rangi, na kiuno hakijapasuka katikati ya mapaja, mahali ambapo wengi hupasuka; hivyo vinaweza kumkamilisha mwanasesere mwingine, na ndivyo vyenye bei. Vidole gumba viwili vipo, na hilo si jambo dogo, maana huvunjika mtoto anapolazimisha bunduki mkononi. Ila mikono imepakwa, na kuivua rangi bila kuichubua plastiki ni kazi ya subira ambayo mnunuzi atakukata bei kwa ajili yake. Kichwa kimechongwa upya, hakirudi kuwa cha asili. Kinachobaki ni ufundi, na ufundi hulipwa vizuri pale muundaji anapojulikana. Huyu hakuacha hata alama ndani ya kifua. Nimetafuta.

Nilimwandikia muuzaji nikamwonyesha picha za shingo, kwapa na mikono, nikaomba anirudishie tofauti ya bei. Akajibu kwamba kamuuza kama alivyompata. Labda ni kweli, labda naye alidanganywa, lakini neno "sampuli" alilichagua yeye, na ndilo nililolilipia.

Ufungaji nyota tano. Ufundi nyota nne. Maelezo ya bidhaa nyota moja, na sirudi kununua kwake. Mwanasesere nabaki naye. Nimemrudishia skrubu yake bila kuikaza sana, nikamwekea kipete kipya, na chini ya kisimamio nimebandika karatasi: kichwa na kifua, 1985 au baadaye, mikono, 1982, kiuno, kalibu ya 1983, muundaji hajulikani.